Gibson Lewa Mwaro, Fundi wa Simu Aliyemwonea Mkewe Wivu

Mchungaji, wazee wetu, jamaa na majirani, ahsanteni kwa kuja kumsindikiza baba yetu. Mimi ni Dama, binti yake. Jana tulimsomea mama yetu, Bi. Waruguru, wasifu tuliokuwa tumeuandika. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbona wivu haumo? Huyo si mume wangu." Basi tukauandika upya.

Marehemu Gibson Lewa Mwaro alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 hapa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwaro na marehemu Bi. Nyevu. Bibi alitusimulia kwamba Lewa alipoachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake, alimburura yule mchanga pamoja na mkeka wake hadi uani kwa jirani, akasema, "Nimewaletea huyu."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari mjini Malindi, akamaliza mwaka 1985. Redio ya mwalimu ikinyamaza, aliitwa yeye. Mwaka uliofuata alikwenda Nairobi kusomea ufundi wa simu, akarudi Pwani mwaka 1988 na koleo zake mwenyewe kiunoni. Kwa miaka kumi aliunganisha laini za watu Malindi, Mambrui na Kilifi. Mwaka 1998 akaajiriwa na kampuni ya samaki na barafu ya familia ya Hilal, yenye ofisi kuu Malindi na mitambo ya barafu Ngomeni na Kilifi. Simu zote za kampuni, ambazo zote zilikuwa za nyaya za shaba, zikawa mikononi mwake.

Humo kazini ndimo alimomkuta Waruguru, mhasibu mgeni kutoka Mpeketoni. Wenzao walisema simu ya uhasibu ndiyo iliyoharibika kuliko zote, na kwamba aliyeiharibu ndiye aliyekuja kuitengeneza. Walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 2000, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Mwaro. Baba alimpenda Mama, na alimwonea wivu: wa wauza samaki waliomchekesha, wa mwalimu wa kwaya, hata wa kaka zake Mama waliokuja likizo wakakaa sana.

Wivu ulio mkubwa kuliko wote ulimpata mwaka 2019, na haukuwa wa mwanamume.

Laini zilikuwa zimechoka. Chumvi ya bahari ilikula maungio, wezi wa vyuma chakavu walikata nyaya, na vipuri vilikuwa havitengenezwi tena. Mvua ikinyesha, mpishi wa hoteli akipiga kuagiza samaki alisikia kama mtu anakaanga mafuta. Bi. Zuleikha Hilal, mwenye kampuni, alimwita Mama. Alimwambia, "Nataka unipimie jambo hili. Tukiendelea kuzitengeneza laini hizi tutapata nini, na tukizing'oa tutapata nini? Uje utueleze mimi na ndugu yangu Swafwan, tuamue."

Mama alirudi nyumbani na habari hiyo akidhani Baba atafurahi. Baba aliweka kijiko chini.

"Wamekupa wewe?"

"Wamenipa mimi, Baba Mwaro. Ni hesabu tu."

"Si hesabu. Umepewa kazi ya kunizika."

Tangu siku hiyo alipiga pasi mashati yake mwenyewe, vibaya. Mama akimuuliza laini ya Kilifi inapitia wapi, alijibu, "Waulize waliokutuma." Hakuwa na hasira ya kazi peke yake. Miaka ishirini na moja alikuwa kazini, na hata siku moja hakuitwa ofisini kuulizwa anaonaje. Sasa aliulizwa mkewe.

Mama akaomba msaada kwa Owen, fundi kijana wa simu za intaneti kutoka Kilifi. Hapo wivu ukawa wa aina mbili. Siku waliyokwenda Ngomeni kukagua laini, Baba alipanda bodaboda akawafuata, akajificha nyuma ya matangi ya maji ya kiwanda cha barafu. Mama alikuwa amesimama kwenye kisanduku cha maungio, hakugeuka.

"Baba Mwaro, toka huko. Kofia yako inaonekana."

Baba akatoka, akasema amekuja kuangalia kama matangi yanavuja.

"Shikamoo mzee," akasema Owen.

Baba alituambia kwamba shikamoo ile ilimuuma kuliko kukamatwa. Akaitikia marahaba, akasogea, akachungulia ndani ya kisanduku. Maungio yote yalikuwa yameota kutu ya kijani.

"Hii niliifunga mwezi uliopita," akasema taratibu.

"Najua," Mama akajibu. "Kila mwezi naona ukiifunga. Unarudi nyumbani vidole vimechubuka. Unafikiri naipima kazi hii kwa ajili ya nani?"

Baba alimshikia ngazi mpaka walipomaliza.

Siku ya mkutano alikaa nyuma, amefunga mikono. Mama aliwaeleza wenye kampuni kwamba gharama kubwa haikuwa ya matengenezo. "Mteja asiyetupata hatuambii kwamba hakutupata," alisema. "Anaagiza kwingine, sisi tunabaki na samaki." Akapendekeza waanze na Ngomeni kulikoharibika zaidi. Akasema pia simu mpya zinahitaji betri, kwa sababu za zamani zililia hata umeme ukikatika, na laini za shaba zisiondolewe mpaka betri zijaribiwe. Swafwan akauliza, "Na Lewa je?"

"Lewa anajua kila ukuta na kila dari laini inamopita," Mama akasema. "Tusipomfundisha yeye, tutamfundisha nani? Mafunzo yake nimeyaweka ndani ya gharama tangu mwanzo."

Bi. Zuleikha akageuka. "Bwana Lewa, una la kupinga?"

Baba alisimama, akakohoa. "Sina la kupinga, Bi. Zuleikha. Ninalo ombi. Huyu kijana Owen anifundishe mimi. Mke wangu keshajua ya kumtosha."

Walicheka mpaka mkutano ukavunjika, na pendekezo likakubaliwa.

Alijifunza akiwa na miaka hamsini na mitatu, akilalamika kwamba herufi za kompyuta ni ndogo. Nyaya za shaba alizing'oa zote kwa mkono wake, hakumruhusu mwingine. Siku aliyokata ile ya mwisho, ya ofisi kuu, alirudi nyumbani hakula. Mama alikaa naye barazani. Simu za Ngomeni hazikunyamaza tena masika. Baadaye wafanyabiashara wa Kilifi walimwalika Mama awaeleze walivyofanya. Baba alimbebea mkoba, akakaa kiti cha mbele, na aliyemkaribisha Mama kwa jina la "binti Waruguru" alisahihishwa naye papo hapo: "Ni mke wangu."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki bila kunung'unika, isipokuwa kuhusu sindano. Mwanzoni mwa Februari mwaka huu wa 2025 alilazwa hospitalini Malindi. Jioni ya tarehe 10 alimshika Mama mkono.

"Mama Mwaro, utaolewa tena?"

"Nani atanichukua na uzee huu?"

"Wapo. Nimewaona wanavyokuangalia."

"Umewaona wapi?"

"Hapahapa wodini."

Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Baba naye alitabasamu, akafumba macho, hakuuachia ule mkono. Alitutoka asubuhi iliyofuata, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, Mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Bi. Waruguru, watoto watatu, Mwaro, Dama na Nyale, mjukuu mmoja, dada wawili, yule mdogo wake wa mkekani, ambaye leo ndiye aliyechimbisha kaburi, na wafanyakazi wenzake wote wa Malindi, Ngomeni na Kilifi.

Lala salama mikononi mwa Mungu, Baba. Mama tutamtunza sisi.