Bi. Albina Mathias (1953–2026), Bibi Aliyesema Tunarudi

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Mei 1953 katika kijiji cha jirani na Laela, mtoto wa tatu wa Mzee Mathias Timoth. Alibatizwa mwaka huohuo. Alisoma hadi darasa la nne, na waliosoma naye walimkumbuka kwa sauti yake: akisoma yeye, hata darasa la jirani lilinyamaza.

Mwaka 1973 alifunga ndoa na marehemu Gaudensi Cleophas wa Namanyere, wakajaliwa watoto wanne. Walilima mahindi na ulezi. Mavuno yakishaingia ghalani, Albina aliteremka Kirando kununua dagaa, akaja kuwauza Sumbawanga mjini. Wateja walifuata kwanza maneno yake ya kuchekesha, dagaa baadaye.

Mwaka 2016 mjukuu wake Angela, binti wa mwanawe Modesti, akiwa na miaka minne, alishikwa na homa isiyokatika. Alitibiwa malaria, homa ikarudi, na pua ikaanza kutoka damu. Akaandikiwa rufaa ya Mbeya. Jane, mama wa mtoto, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mdogo wake. Familia ilipokuwa bado inajadili nani aende, Albina alikuwa ameshafunga mzigo. Mbeya wakawapeleka Dar es Salaam, na huko ikajulikana kuwa ni saratani ya damu.

Dawa zilimpa Angela njaa ya ajabu, akawa anadai dagaa wa Kirando asubuhi na jioni. Albina alionja wa sokoni Dar, akatikisa kichwa, akampigia simu Modesti. Furushi likaja kwa basi. Nesi mmoja alikuja kulalamika kwamba wodi nzima inanuka.

"Basi leta sahani, mwanangu," Albina alimjibu.

Nesi alileta.

Zilikuwepo pia siku za namna nyingine. Mtoto wa kitanda cha jirani alipofariki, Albina alitoka nje akafua nguo zilizokuwa safi, akazianika, kisha akarudi kumshika Angela mkono wakati wa sindano ya mgongo.

Mwaka uliofuata waliruhusiwa kurudi nyumbani, wawe wanahudhuria kliniki. Angela alinenepa, akawa anakimbizana na kuku uani. Tarehe ya kliniki ilipokaribia, Modesti alisema mtoto amepona na safari ni ndefu mno, na ndugu wengi wakamuunga mkono. Albina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unaona mashavu," alimwambia. "Daktari anaona damu. Tunarudi."

Walirudi safari hiyo na nyingine zote, hadi Februari 2019 dawa zilipokwisha na madaktari wakasema ugonjwa hauonekani tena. Siku waliposhuka Sumbawanga, Albina aliimba kuanzia stendi hadi mlangoni kwake, na watu asiowafahamu wakamfuata wakipiga vigelegele. Modesti aliupokea mzigo wake, akampigia magoti.

Mwaka 2023 Albina alianza kusumbuliwa na moyo. Alimeza dawa zake bila ubishi, lakini alipoambiwa apelekwe Dar, alicheka, akasema joto la kule ameshamaliza fungu lake. Jumamosi tarehe 7 Februari 2026 alikuwa akimsuka Angela, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza na ana nywele za kumchosha msusi. Alipomaliza upande mmoja alisema mikono imechoka, wa pili ataumalizia kesho. Alfajiri ya Jumapili alifariki usingizini, nyumbani kwake.

Ameacha watoto wanne, Modesti, Yohanes, Stanley na Victor, wakwe, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Angela amesimama hapa na nywele zake kama bibi alivyoziacha. Amekataa kusukwa na mtu mwingine. Anasema upande uliobaki atausuka mwenyewe, baada ya mazishi.

Mama Albina, Bwana akupokee kwa vigelegele. Pumzika kwa amani.