Mwalimu Veneranda Kalinga na Kituo cha Chimala Kilichokaa Uvunguni

Mwalimu Veneranda Kalinga, mkuu wa Idara ya Ushonaji, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika Chuo cha Ufundi Stadi Tujitume. Alianza kazi tawi la Mbeya mwaka 1989, binti mwembamba kutoka Idodi, akahamishiwa hapa Iringa mwaka 2012. Anatuachia idara ambayo cherehani zake zote zinafanya kazi. Idara yangu ya Mapishi haiwezi kusema hivyo kuhusu majiko yake.

Wanafunzi humwita Mama Fumua na wanadhani hajui. Anajua. Kwake mshono uliopinda haurekebishwi wala hauombewi msamaha, unafumuliwa. Siku moja ya mahafali alimfumulia mkuu wa chuo kola ya koti akiwa amelivaa, mgeni rasmi yuko getini, na mkuu akasimama wima kama mtoto anayenyolewa. Koti lilishonwa upya kabla wimbo wa taifa haujaimbwa.

Mapazia ya bwalo ni kazi yake, majoho ya mahafali ni kazi yake, na sare za kwaya tatu za mjini hapa zimepita mikononi mwake. Mwaka 2014 alikuwa mfanyakazi hodari wa Mei Mosi. Mafundi aliowafundisha wamefungua vibanda kuanzia Mbalizi hadi Mafinga, na ukiingia kwenye kibanda chochote ukakuta fundi anafumua kwa hasira, muulize amesomea wapi.

Wasifu ungeweza kuishia hapo, tukapiga makofi tukala. Ila wenye umri mkubwa kazini watanitazama na kujua kuna kitu kimerukwa. Tumekiruka kwa miaka tisa, yeye kwa sababu zake na sisi kwa zetu, na sababu zote ni moja tu, aibu.

Kilianzia Mbeya, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Umakant. Mwalimu alikwenda kununua wavu wa kuku. Bwana Umakant aliposikia kuwa anafundisha ushonaji, alimwomba apande ghorofani akamsaidie jambo la kitambaa. Huko juu kulikuwa na meza ndefu iliyozunguka nusu ya chumba, na juu ya meza kulikuwa na reli, vituo, ng'ombe wadogo kuliko kunde, na treni iliyotembea kwa umeme. Ilikuwa klabu ya reli ndogo, watu wazima saba waliokutana kila mwisho wa mwezi kuijenga upya njia ya kutoka Mbeya hadi Makambako. Reli walikuwa nayo, mabehewa walikuwa nayo, mengine yametengenezwa kwa makopo ya maziwa. Milima ndiyo iliyowashinda. Ilikuwa ya karatasi, na ilikuwa imelala.

Mwalimu Veneranda aliitazama milima ile akasema ifumuliwe. Alirudi na magunia ya katani, akayavika juu ya wavu wa kuku, akayapaka uji wa saruji, akamwaga vumbi la mbao lililotiwa rangi ya majani. Barabara inayopanda Matamba juu ya Chimala aliishona kwa uzi wa kijivu, na kona zake zote. Akawa mwanachama wa nane, na mwanamke pekee.

Hakumwambia mtu. Alikuwa mwalimu, mjane, mama wa watoto wawili, kiongozi wa jumuiya kanisani, naye alikuwa akicheza treni. Hivyo ndivyo alivyojisema mwenyewe moyoni, kwa neno hilo hilo la kucheza, na lilimchoma. Majirani wa Mbeya waliambiwa anakwenda kwenye kikundi, wakadhani ni kikundi cha kuweka akiba. Alipohamia Iringa safari ikawa ndefu na kikundi hakikutosha tena kuwa sababu. Akamleta shangazi.

Shangazi yake yupo kweli, anaishi Ubaruku, na Mwalimu alimpitia wakati wa kurudi. Ndiyo maana kila mwanzo wa mwezi nyumba za walimu zilinukia mchele mpya wa Ubaruku, na sote tukampenda shangazi tusiyemwona. Kadiri safari zilivyoongezeka, ilibidi hali ya shangazi iwe mbaya zaidi. Mara presha, mara miguu. Shangazi mwenyewe alikuwa shambani akipalilia mpunga.

Mwaka 2016 klabu ilifungwa. Jengo la Bwana Umakant liliuzwa, naye akahamia Dar es Salaam kwa binti yake Prachi. Hakuna mwanachama aliyekuwa na chumba cha kubeba meza ile yote. Wakaikata, na wakapatana kwamba kila mmoja atakaa na kipande chake nyumbani, akitunze na kukiendeleza, na kila Nanenane, wakati wengine wanakwenda kutazama ng'ombe wa maonesho, wao watakutana kwa mmoja wao na kuviunganisha. Vipande vitakuwa na kimo kimoja na ncha zinazolingana, ili treni ipite. Kwa njia hiyo klabu isiyo na chumba ingeendelea kuwa klabu. Mwalimu akapewa kituo cha Chimala, katikati ya njia, pamoja na milima yake.

Chimala kiliwekwa kwenye boksi la mbao lenye urefu wa mtu mfupi, likazungushiwa shuka jeupe kuzuia vumbi, likapakiwa kwenye gari dogo la mizigo. Mwalimu alikaa mbele na dereva, kitenge kichwani, macho mekundu, kwa maana alikuwa amelia njia nzima kwa ajili ya klabu yake. Walifika getini kwetu jioni, jua likiwa bado lipo.

Mzee Silvester, mlinzi wetu, alitazama boksi, akatazama macho ya Mwalimu. Akavua kofia. Akafungua geti lote na kusema taratibu, "Pole sana mama. Kumbe shangazi ametuacha."

Hapo ndipo penyewe. Sentensi moja ingetosha. Mwalimu amenieleza kwamba alifungua mdomo kusema hapana, ni treni, na neno treni likakataa kutoka. Kusema kuwa ndani ya shuka mna maiti kulikuwa rahisi kuliko kusema mna reli ya kuchezea. Akainamisha kichwa. Silvester akachukua ile kama jibu.

Mnajua tulivyo. Ilidhaniwa mwili umepumzishwa hapa ili kesho uendelee na safari ya kuzikwa Idodi. Kuni zikaletwa, sufuria za idara yangu zikatoka stoo, mikeka ikatandikwa. Wanaume wakalipokea boksi mabegani na kuliweka sebuleni juu ya stuli mbili. Devota wa mapokezi, ambaye hajawahi kumwona shangazi hata kwenye picha, alilia mpaka akashikwa mikono, akiutaja ule mchele. Mwalimu alikaa kwenye mkeka akipokea pole. Kila pole, anasema, ilikuwa kofi.

Kisha akaja katekista Anord kuongoza sala, akauliza jina la marehemu ili amwombee.

Shangazi alikuwa na jina, na lilikuwa jina la mtu aliye hai. Mwalimu hakuweza kulitia katika sala hiyo. Alisimama, akafungua fundo la shuka, akainua kifuniko, akasema, "Hakuna marehemu. Ni reli yangu. Nisameheni."

Hatukucheka. Watu wanadhani tulicheka siku ile, lakini ingekuwa afadhali. Tulitazama vilima vya gunia, kituo chenye bati dogo, na mwanamke wa plastiki aliyebeba ndoo, kisha tukatazama chini. Sisi tuliona aibu kwa machozi yetu, yeye kwa ukimya wake. Na kwa kuwa kilicholetwa msibani hakirudishwi, ilibidi ugali upikwe na maharage yaive, tukala tumekaa kuzunguka kituo cha Chimala bila mtu kuuliza swali. Kila mmoja aliondoka akijifanya ana haraka.

Shangazi aliposikia alitaka kujua kitu kimoja tu, kama tulimlilia vizuri.

Mwalimu Veneranda aliingiza boksi uvunguni na kukaa nalo kama mtu anayeficha kosa. Nanenane iliyofuata walikutana Mbalizi kwa Aroni, fundi wa kuchomelea, mmoja wa wale saba wa mwanzo. Mwalimu alituma udhuru wa semina. Mwaka uliofuata akatuma udhuru wa goti. Hakuweza kufikiria kulipitisha boksi lile getini tena, mbele ya Silvester, mbele yetu. Alikwisha amua kuacha.

Wenzake hawakusogeza vipande kuziba nafasi yake. Walipanga Mbeya, wakapanga Igurusi, wakaacha pengo la Chimala, wakaendelea na Rujewa hadi Makambako. Treni ilipofika ukingoni ilisimama. Aroni aliinyanyua kwa mikono miwili, akatembea nayo kulipita pengo, akaiweka upande wa pili. Alifanya hivyo mwaka wa kwanza na wa pili, na baada ya wa pili akapiga simu. "Mwalimu, treni tunaibeba mkononi kama mtoto wa kliniki. Mpaka lini?"

Anasema alikata simu akakaa kitandani, boksi likiwa chini yake, na kwa mara ya kwanza akaona aibu nyingine, kubwa kuliko ile ya sebuleni. Watu walikuwa wanamngoja, naye anajificha.

Agosti 2019 alitoka na boksi asubuhi, kila mtu akiwa nje. Alisimama getini mwenyewe na kusema kwa sauti ya darasani, "Silvester, ni reli. Usivue kofia." Silvester alipiga saluti. Sisi tulijifanya tunafagia.

Tangu mwaka huo hajakosa Nanenane hata moja. Chimala imepata mti mpya, choo, na genge la ndizi. Haya nayajua kwa sababu nyumba zetu zinapakana na dirisha lake halina pazia, ingawa ameshona ya chuo kizima. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kumuuliza, naye hakuthubutu kutukaribisha. Kwa miaka tisa tumemsalimia mwalimu wa ushonaji tu.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, niliandika ushonaji peke yake. Kola ilikuwemo, Mei Mosi ilikuwemo. Nikampelekea asome, nikiamini nimemsitiri. Alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Faustina," akasema, "hapa umeandika mtu mzuri sana. Sasa mimi utaniandika lini?"

Nilishindwa pa kutazama. Akajifunika uso kwa kitenge chake, na chini ya kitenge akaniambia niandike yote, boksi, sala, hata shangazi, na nisome kwa sauti ukumbini yeye akiwa amekaa mbele. Nimeandika. Kama sasa hivi amejifunika tena, naomba asiguswe.

Mwalimu Veneranda, chuo kinakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako, ambao umetuvalisha vizuri sote. Kwa yale ya sebuleni ulikwisha omba msamaha siku ile ile. Sisi hatujaomba wa kwetu, wa kukuacha peke yako na kitu unachokipenda, kwa hiyo tunauomba leo. Nenda Idodi ukiwa na afya, upate kivuli, wajukuu, na meza ndefu. Tumesikia kwamba Nanenane hii wenzako wanakutana kwako. Tuliomba kuja, ukatujibu kuwa viti havitatosha.

Tutasimama, Mwalimu.

Faustina Mgaya
Idara ya Mapishi, kwa niaba ya wafanyakazi wote