Mzee Runji na Kompyuta ya Nne ya Dallas

Mimi Mugendi ndiye fundi mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuvaa ovaroli ya kampuni hii. Mombasa nimefika, Kampala nimefika, na uwanja wa ndege wa Dubai nimekaa masaa manne nikinywa chai ya bei ya mbuzi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini vitabu vya mitambo nasoma kama barua ya mpenzi. Miaka kumi na minne nimepanda paa za watu kutoka Embu hadi Laare, na sijawahi kukutana na kitu nisichoweza kukieleza. Wengine wamekutana nacho. Mimi hapana. Nikilala, nalala kama gunia la viazi. Nafikiri ndiyo sababu kamati ya kumuaga Mzee Runji imenipa mimi kalamu.

Mzee Runji Njagi anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Alianza akichimba mashimo ya nguzo za simu, enzi zile ukitaka kupiga simu unaomba kwa padre. Intaneti ya nyumbani ilipofika huku kwetu, yeye ndiye aliyewaeleza watu kwamba laini moja inatosha nyumba nzima: unaweka rauta, kile kisanduku chenye antena mbili, na kompyuta zote zinakula kwenye sahani moja bila waya. Wakulima walimuuliza hiyo kitu inapitaje ukutani. Aliwajibu kwamba inapita kama harufu ya nyama choma, na kama harufu, haiulizi nani amekaa upande wa pili.

Kazi yake ilikuwa na vituko. Kule Laare, mfanyabiashara wa miraa aitwaye Kithinji alilalamika mwezi mzima kwamba ameuziwa rauta mbovu. Mzee Runji alipofika alikuta Kithinji ameifungia ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli mbili, ili wezi wasiione. Mzee hakumcheka. Aliomba ufunguo, akafungua, na simu za wote waliokuwa wakifunga miraa kwenye banda zikaanza kulia kwa pamoja.

Nchiru ndiko alikojifunza kuwa mwangalifu. Karimi, mama mwenye hosteli, aliona paswadi ni kitu cha ukarimu, akaiandika kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda chake cha mandazi. Wanafunzi wa hosteli tatu za jirani wakaingia kwa laini yake, na yeye mwenyewe akakosa hata nafasi ya kutuma picha.

Kuanzia siku hiyo Mzee Runji hakutoka katika nyumba ya mtu kabla ya kuita majina. Kila kompyuta aliipa jina la mwenyewe. Kisha alikusanya watu wa nyumba sebuleni, akafungua kwenye laptopu yake ukurasa wa rauta unaoonyesha nani ameingia, akasoma moja moja kama mwalimu wa zamu, na kila mtu akajibu "Niko." Jina lisilo na mtu alilifungia nje. Mafundi wote wa kampuni hii tunafanya hivyo leo, na tumejifunza kwake.

Sasa nafika mahali ambapo nimeandika na kufuta mara tano.

Machi mwaka jana tulitumwa mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, kwa Mwalimu Ciakuthii, mjane wa mwalimu mkuu Gachoki. Kompyuta zilikuwa tatu: yake, ya bintiye Maxine, na ya mwanawe Adrian. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana, ule mzito unaosimama langoni na kukataa kuondoka. Mzee Runji aliweka rauta juu ya kabati la vyombo, akatunga paswadi mpya hapo hapo, akawanong'oneza hao watatu. Yanayofuata nayatoa kwenye ripoti yake, kwa sababu mimi, kama nilivyoeleza ofisini, nilikuwa juu ya paa nikifunga waya.

Ilikuwa saa kumi na robo.

"Ciakuthii."

"Niko."

"Maxine."

"Niko, Mzee."

"Adrian."

"Niko, na chai inapoa."

Walicheka. Mzee Runji hakucheka. Chini ya majina matatu kulikuwa na la nne. Akalisoma kwa sauti ile ile, maana ndiyo kawaida yake.

"Gachoki."

Maxine akaweka kikombe chini. "Hiyo ni ya Baba," akasema.

Baba alikuwa amezikwa mwaka mmoja na miezi saba kabla ya siku hiyo. Kompyuta yake ilikuwa kwenye stoo, imefungwa kwa shuka, juu ya magunia ya maharagwe. Paswadi ilikuwa na umri wa dakika kumi, na hakuna mtu aliyeipeleka stoo.

Walienda kuangalia. Stoo ile haina dirisha. Fundo la shuka lilikuwa lile lile alilofunga Mwalimu Ciakuthii mwenyewe, na vumbi limekaa juu yake kama unga. Ndani, kompyuta, laptopu ya zamani, ilikuwa imefungwa kifuniko. Hapakuwa na waya. Betri ilishatolewa, pamebaki shimo tupu mahali pake. Mzee Runji aliweka kiganja juu ya kifuniko, akauondoa mkono, akaurudisha. Katika ripoti aliandika hivi: "Ina joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi."

Waliporudi sebuleni, jina la nne lilikuwa bado lipo. Mzee Runji alimweleza mwenye nyumba kwamba akibonyeza mara moja tu, kompyuta hiyo haitaingia tena.

Mwalimu Ciakuthii aliangalia saa ya ukutani. "Huu ndio wakati wake wa gazeti," akasema. "Muache asome, Baba Kanana. Hajakukosea."

Kanana ni kifungua mimba wa Mzee Runji. Mwalimu alimwita hivyo kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo Mzee akaondoa kidole. Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, jina likaondoka lenyewe. Akajaza fomu: "Kompyuta zilizounganishwa ni nne. Ya nne ni ya marehemu. Mwenye nyumba amekubali."

Hapo ofisini mnajua mlivyocheka. Meneja alimrudishia fomu aandike tatu. Mzee alisema, "Nimeita majina miaka yote ili nisiandike uongo. Sasa niandike uongo kwa sababu mtu amekufa?" Niliitwa mimi, shahidi wa pekee wa kampuni, nikasema nilikuwa juu ya paa. Basi barua ikaingia kwenye faili yake: kwamba alibuni mambo katika ripoti ya kazi, na kwamba apimwe akili. Miezi kumi na tisa ya mwisho, fundi bora wa mkoa huu ameimalizia kwenye ghala, akihesabu kebo, na vijana wakimwita Nambari Nne.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, alisema tangi la maji tulilopendekeza ni zuri na analishukuru. Lakini angependa zaidi ile barua itolewe kwenye faili, kwa sababu hataki wajukuu waje kusoma kwamba babu yao aliondoka kazini akiwa mwongo na mwendawazimu. Hajaomba kitu kingine. Mimi hajawahi kuniuliza neno lolote. Kila saa saba alinigawia githeri yake ya mahindi na maharagwe kwenye kifuniko cha mkebe, akaongea habari za shamba lake la kahawa, na kuhusu paa hakusema kitu.

Mzee Runji, umewaunganisha watu wengi kuliko padre aliyekuazima simu. Asante kwa kazi, asante kwa subira, asante kwa hiyo githeri. Rudi kwenye kahawa yako, ulale vizuri, uzeeke polepole, na Mungu akuwekee siku nyingi zenye jua.

Na wewe Meneja, hiyo barua itoke kabla keki haijakatwa. Siku ile sikuwa juu ya paa. Waya nilikuwa nimemaliza saa tisa. Tochi ya kule stoo niliishika mimi, na Mzee alipotoa mkono wake niliweka wangu, na ilikuwa na joto vile vile alivyoandika. Laini ya nyumba ile inaonekana kwenye mitambo yetu hapa ofisini. Kila siku saa kumi na robo huwa naifungua nikiwa peke yangu, na kila siku nahesabu majina manne. Usiku sipati usingizi. Ile bahati niliyojisifu nayo ni uongo.