Eustace Ndaki, Aliyeamka Kwenye Jeneza

Wasikilizaji wapendwa, Eustace Ndaki ametutoka. Amefariki Jumanne, Runzewe, kwa ugonjwa wa kifua. Ndiyo, Eustace yule yule wa "Matanga ya Tajiri". Filamu yake ilikuwa haijaisha.

Mtu huyu hakujua kutulia. Hata chai aliinywa amesimama. Ujanani kule Ushetu, dada yake Bernadina alimwachia kazi moja tu: alinde moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Eustace akakumbuka ana mazoezi ya igizo, akachomoka. Bani likateketea na mavuno ya mwaka mzima. Bernadina akamfungia mlango. Kila Krismasi Eustace alikwenda kubisha hodi. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa, mlango haukufunguliwa.

"Matanga ya Tajiri" lilianza kama igizo la jukwaani, huko machimboni Geita. Tajiri wa dhahabu anajifanya amekufa ili aone nani atamlilia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jukwaani, jeneza lilikuwa meza na kitenge. Mwaka jana Eustace alipoamua kulifanya filamu, kwa simu ya Martina, mpiga picha wa harusi, meza ikamchosha. Akaazima jeneza la kweli kwa fundi wa Ngokolo, akalipakia kwenye pikapu, safari hadi Ushetu. Alisema anatafuta mandhari. Mandhari gani, hatua hamsini kutoka kwa dada yake, mimi sijui.

Kosa lake ni kwamba hakutoa taarifa kijijini. Kule jeneza likishushwa, watu hawaanzi na maswali. Wanawake waliweka majembe chini, wakaja na kuni na unga. Wakamwona Eustace, ambaye ndiye aliyeigiza tajiri, amelala ndani. Vilio vikaanza, na Martina hakuzima simu.

Eustace alijikaza, maana hakuwahi kupata waigizaji wazuri namna ile. Kisha akasikia sauti moja. "Ng'wana mayu, mtoto wa mama yangu, umebisha hodi mara ngapi nikanyamaza?"

Hapo alishindwa. Akaketi, akasema, "Dada, shikamoo."

Watu walitimka hadi kwenye mashamba ya jirani. Bernadina peke yake alibaki. Alimzaba makofi mawili, kisha akampakulia ugali. Ila alimwambia, "Machozi yangu usiyaonyeshe watu."

Martina alimsihi sana, kwani kilio kile ndicho kilichobeba filamu nzima. Eustace akakataa. "Nilishaunguza tumbaku yake. Inatosha." Akapanga kupiga picha za kilio upya, lakini kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Wiki za mwisho, anasema mkewe, Mama Loveness, kila asubuhi alijiinua kitandani akauliza kama jua linafaa.

Alhamisi alizikwa Ushetu. Fundi aliposhika nyundo, Bernadina aliweka kiganja juu ya mfuniko. "Subirini kidogo. Huyu ana tabia ya kuamka."

Tukasubiri. Watu wazima, katekista, na fundi na nyundo yake, tukasubiri. Kisha Bernadina akamgeukia Martina. "Yale machozi yaweke kwenye filamu yake."

Mama Loveness na watoto, poleni. Dada Bernadina, pole sana. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anabisha hodi kwako na umenyamaza, mfungulie leo, akiwa bado anaweza kukupa shikamoo.