Hii Haiko Tumbako, Iko Dawa: Maisha ya Papa Nzanzu Tsongo Élie (1977–2025)

Papa Nzanzu Tsongo Élie, ambaye tumekuja kumsindikiza leo Jumamosi, tarehe 19 Julai 2025, alizaliwa Butembo, Kivu Kaskazini, tarehe 3 Machi 1977. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Papa Tsongo, fundi wa mbao, na Mama Masika, muuza maharagwe. Alizaliwa mdogo sana, hata mkunga akamshauri mama asiharakishe kumpa jina. Mama Masika alimpa jina hapohapo, akamfunga mgongoni, na wiki hiyohiyo akarudi sokoni.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari palepale Butembo, akachagua mambo ya biashara, akapata diploma ya serikali mwaka 1996. Walimu wake walimkumbuka kwa mwandiko mzuri na kwa kutopenda kukimbia. Katika mpira walimweka golini. Alipofungwa, alikwenda kuuchukua mpira kwa kutembea, mikono nyuma, huku wenzake wakimpigia kelele. Aliwajibu kwamba mpira umeshalala, hauendi popote.

Mwaka 2004 alikuja Lubumbashi kwa mjomba wake, aliyeuza chumvi, sukari na sabuni kwa jumla katikati ya mji. Alikaa depo miaka miwili, kisha akapewa usukani. Alikwenda Kasumbalesa kuchukua unga, alikwenda Mitwaba na chumvi na kurudi na mahindi, na baadaye alipeleka vyakula Kinsevere kwa wafanyakazi wa mgodi. Mwaka 2012 alinunua lori lake mwenyewe, akaandika juu ya kioo: POLEPOLE. Rafiki yake Chama, dereva mwenzake, alimpita kila siku barabarani na kumtania. Siku moja alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akamwambia: "Nzanzu, weye hata kwa kaburi yako utachelewa." Nzanzu akajibu kwamba ndivyo atakavyo: "Njo vizuri." Hapo tu Chama alikosea. Rafiki yake ametangulia akiwa na miaka arobaini na minane.

Sigara aliianza njia ya Mitwaba. Si haki kusema kwamba haikumpa kitu. Ilimfungua macho saa za usingizi, ilimsahaulisha njaa, na ilimtuliza kwenye vizuizi pale askari walipogeuza karatasi zake mara nne wakitafuta kosa. Nzanzu mwenyewe alisema kwamba sigara ndiyo turnboi wake, haiombi mshahara.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Kahambu Séphora, mshonaji wa Bel-Air. Kabla ya ndoa alimwahidi mchumba wake na mchungaji kwamba ataacha sigara. Kila mara Kahambu alipomkumbusha, alijibu kwamba yuko njiani, na Kahambu, aliyejua mwendo wa lori lile, alicheka. Mungu aliwapa Abigaëlle, Muhindo na Exaucée. Tangu hapo mtaani waliitwa Papa Abi na Mama Abi. Jumapili mchana yeye ndiye aliyesonga bukari, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mwiko.

Ugonjwa ulianza Juni 2017, wakati wa baridi. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vya buluu, na shavu la mguu lilimbana akitembea. Kutoka nyumbani hadi barabara ya basi alisimama mara kwa mara, akijifanya anasoma mabango ya maduka aliyoyafahamu tangu zamani. Kahambu alimwona, akasimama naye. Watu walisema alikanyaga kitu kilichotegwa kwenye geti pale alipopakulia mizigo. Aliombewa, akakandwa kwa maji ya moto, akapakwa majivu. Kidole kimoja kikawa cheusi.

Hospitalini daktari alisema ni ugonjwa wa Buerger. Mishipa ya damu ya mikono na ya miguu inavimba kwa ndani, inaziba, na nyama inakufa kuanzia nchani. Unawapata watu wa tumbako, mara nyingi wakiwa bado vijana. Hakuna dawa inayoushinda ikiwa tumbako inaendelea. Anayeiacha kabisa, mara nyingi miguu yake inapona. Daktari alisema hayo kwa Kifaransa, na muuguzi akayafupisha kwa Kiswahili: "Papa, uache kunywa sigara."

Akaiacha siku ile. Alichoshindwa kwa miaka kumi na moja alikifanya kwa mchana mmoja, na Jumapili kanisa zima lilimpigia makofi. Kahambu alirudi nyumbani akiamini kwamba mguu umeokoka.

Lakini kichwa kilimgonga, usingizi ulimkimbia, na hata mlango uliogonga ulimkasirisha. Mama Masika alikuwa amekuja kutoka Butembo kumuuguza mwanawe. Akafungua kitambaa, akatoa kikopo kidogo cha bati, akamwekea unga wa kahawia juu ya ukucha. Yeye mwenyewe aliutumia kwa mafua na maumivu ya kichwa, kama mama wengi wa rika lake. Pwani wanauita ugoro, ng'ambo ya mpaka Ndola wanauita nsunko. Nyumbani kwa Nzanzu uliitwa dawa. Alinusa, akapiga chafya tatu, akalala kama mtoto.

Basi kila walipokwenda hospitali, daktari aliuliza maswali mawili. Anakunywa sigara? Kahambu alijibu hapana, tangu siku ile hajaigusa. Dawa anatumia? Kahambu alijibu ndiyo, asubuhi na mangaribi. Yote mawili yalikuwa kweli, naye aliyasema akimtazama daktari usoni. Mwaka 2018 walikata vidole vya mguu wa kushoto. Mwaka 2020 walikata mguu wenyewe chini ya goti. Madaktari walishangaa, maana mgonjwa huyu alitii. Lori likauzwa. Nzanzu akawa anakaa mlangoni na gongo lake, akiwaelekeza madereva wachanga wapi njia ya Mitwaba imekatika.

Mwaka 2021 kidonda kilitokea mguu wa kulia. Kulikuwa na daktari mpya, mwanamke kijana, Docta Imani. Aliomba aone dawa zote kwa macho yake. Kahambu akamletea mfuko: vidonge, pomada, na kikopo. Docta Imani alikifungua, akanusa, akapiga chafya. Nzanzu kitandani akacheka, akamwambia kwamba ile ni ya nguvu, haifai wanaoanza.

Daktari hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Abi, hii iko tumbako."

"Hapana, docta," Kahambu akasema. "Hii haiko tumbako, iko dawa. Tumbako iko na moshi."

Docta Imani akawaeleza taratibu, bila kugombeza. Moshi una ubaya wake mwingi, unaharibu mapafu na moyo na kuleta kansa, na mtu akiuacha amefanya jambo kubwa. Lakini ndani ya jani kuna kitu kinaitwa nikotini. Hicho ndicho kinachotuliza kichwa na kumfanya mtu airudie tumbako, na hicho kinaibana mishipa. Kwa ugonjwa huu haijalishi mlango kinaoingilia, kwa moshi, kwa pua, kwa kutafuna, wala kwa ile sigara ya umeme ya vijana. Kahambu aliuliza swali moja tu, kama mguu uliokatwa ungeweza kubaki. Daktari alisema huenda. Baadaye alijuta kulisema neno hilo, maana Kahambu alilibeba nyumbani na hajalitua.

Nzanzu akaacha na kikopo. Kidonda cha kulia kikaanza kukauka, na kufikia Pasaka ya 2022 kilikuwa kimefunga. Kahambu alishona suruali mpya, upande mmoja mfupi, akamtembeza kanisani.

Septemba 2023 Mama Masika alifariki Butembo. Mwana hakuweza kusafiri, kwa mguu mmoja na njia zilivyo. Kilio kikawekwa hapa Lubumbashi, nyumbani kwake. Kina mama waliotoka kwao Butembo walikaa chini wakiimba, na kikopo kikapita mkono kwa mkono kama kinavyopita siku zote penye kilio. Kikamfikia Nzanzu. Kahambu alikuwa amesimama na sinia ya chai. Aliona. Mbele ya kina mama wale, mbele ya mwanamume anayemlilia mama yake, aliendelea kugawa chai. Nzanzu alinusa. Kidonda kikafunguka kabla ya Krismasi.

Hapo Chama akaja na msaada. Yeye mwenyewe alikuwa amevuta tangu ujana, akikohoa hadi anasimamisha lori. Duka la dawa la Ndola lilimpa jojo yenye nikotini ndani, ya kutafuna badala ya kuvuta. Akatafuna miezi kadhaa, akapunguza, akaiacha sigara na jojo pia, na leo anapanda ngazi bila kupumzika. Akamletea Nzanzu boksi zima. Kahambu alifurahi, maana lilitoka duka la dawa, liliandikwa kwa Kiingereza asichokisoma, lilifungwa vizuri. Nzanzu alitafuna kwa bidii. Mwaka 2024 ncha ya kidole cha mkono ikawa nyeusi, na mguu wa kulia ukaanza kuoza.

Docta Imani alipoliona lile boksi alifunga macho. "Kwa Papa Chama iko dawa ya kweli," akasema. "Ilimutoa kwa moshi. Kwa Papa Abi, iko nikotini ileile." Chama alisimama ukutani, kofia mkononi, akasema hakujua. Kahambu ndiye aliyemwambia akae.

Nzanzu aliacha yote kwa mara ya mwisho, na hakurudia. Lakini maambukizi yalikuwa yametangulia. Mguu wa kulia ulikatwa Februari 2025, na kufikia Julai uchafu wa kidonda ulikuwa umeingia kwenye damu. Jumatatu tarehe 14 Docta Imani alimwita Kahambu kando, akamwambia kwamba sasa ampe mumewe chochote anachotaka. Kahambu alielewa maana yake.

Jumanne Nzanzu alimwambia: "Mama Abi, unipatie kadogo ya ile dawa. Kadogo tu."

Kahambu alikuwa nacho. Kikopo ambacho mama mkwe aliwaachia kilikuwa ndani ya mkoba wake. Kumpa kungekuwa kukubali kwamba anaondoka.

"Kesho," akasema. "Nitakupatia kesho."

"Aya. Kesho."

Papa Nzanzu alifariki Jumatano tarehe 16 Julai 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameshuka kuchota maji.

Ameacha mjane, Mama Kahambu Séphora. Watoto watatu, Abigaëlle, Muhindo na Exaucée. Dada yake Syntiche, aliyeko Butembo na anayelia mbali nasi. Na Papa Chama, ambaye familia inamhesabu kama ndugu na inaomba ahesabiwe hivyo na wote.

Mama Kahambu mwenyewe ameomba haya yote yasomwe bila kufichwa, kwa ajili ya kila nyumba yenye kikopo kinachoitwa dawa. Ameomba jambo moja zaidi. Mtakapokuja kumpa pole, msimwambie kwamba alifanya vizuri kumnyima, wala kwamba alifanya vibaya. Mshikeni mkono tu, mpite.

Papa Abi, lala sasa. Hakuna anayekuharakisha.