Kibao cha Mafahali Chahamia Ng'ambo ya Mto

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Ndugu Thayne Haws anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, na Idara yetu ya Barabara italazimika kutafuta mtu mwingine wa kutupikia kahawa asiyoinywa. Dini yake ya Kimormoni haimruhusu hata kuionja, kwa hiyo tangu mwaka 1991 amekuwa akiipika kwa kukisia. Tumeinywa kwa heshima. Sasa anaondoka, tunaweza kusema ukweli.

Alianza kwa kuziba mashimo, akaendesha greda, kisha akakabidhiwa vibao kumi na tisa vya ukumbusho vilivyo kando ya barabara zetu. Vinasimulia safari ya kikosi cha Wamormoni waliojitolea mwaka 1846, wakatembea kwa miguu kutoka Iowa hadi California kwenda kupigana na Mexico, wasimwone adui. Vita vyao pekee vilikuwa na mafahali wa mwituni, hapa hapa bonde la San Pedro. Nusu ya wakazi wa bonde hili ni vizazi vya askari hao, na ukiwasikiliza utadhani kila babu alipigwa pembe na fahali wake binafsi.

Ndugu Thayne aliviosha vibao hivyo kwa mswaki. Waliovipiga risasi kwa mazoezi ya shabaha aliwafuata majumbani mwao, akawakabidhi rangi na brashi bila kugomba. Wengi walipaka.

Mtu makini kiasi hicho ndiye aliyekosea. Mwaka 1993 alisimamisha Kibao cha Mafahali pale ambapo mama mkwe wake, Dada LaPreal Busby kama aitwavyo kanisani, alimwonyesha kuwa ndipo babu yake alipoangushwa na fahali. Kila Desemba ukoo hukusanyika hapo na jeli yao ya kijani yenye karoti za kukuna, chakula chao cha kila sherehe, na Dada LaPreal, sasa ana miaka tisini na mitatu, huweka maua. Lakini majira ya baridi yaliyopita Ndugu Thayne alisoma shajara ya askari mmoja, akapima mara tatu, akakuta mahali penyewe ni ng'ambo ya mto, juu ya kilima cha mawe.

Alikonda. Akikihamisha, angemfanya mama mkwe mwongo mbele ya kanisa zima. Akikiacha, angestaafu akiwa ameupiga msasa uongo kwa miaka thelathini na miwili. Mwezi Machi aliniomba nimsindikize kwa mama huyo, mimi Mkatoliki, nadhani niwe shahidi. Alieleza vipimo vyake robo saa nzima, jasho likimtoka, huku Dada LaPreal akikata pai.

“Thayne, mwanangu, nilijua tangu siku ile,” alisema. “Babu alimwambia baba yangu ni kule kilimani. Ila kule hakuna kivuli wala choo.”

Ndugu Thayne alimuuliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo.

“Ulikuwa unakiosha kwa mswaki. Niliona haya. Kihamishe, baba. Sina siku nyingi, na sitaki nifike mbinguni babu aanze kunihoji.”

Jumapili iliyofuata Dada LaPreal alisimama mwenyewe kanisani, akakiri yote, choo kikiwemo. Kanisa lilicheka mpaka machozi, naye akakasirika kidogo, maana alikuwa ametubu kweli.

Jumanne iliyopita tulikihamisha kibao. Dada LaPreal alipanda kilima ndani ya lori letu, kofia ya kazi kichwani, akitukosoa njia nzima. Tulipokaza skrubu ya mwisho, Ndugu Thayne alipima tena, akapima tena, akainama kutafuta alama yake ya chaki. Mama mkwe wake alimwondolea kamba ya kupimia mkononi, akaikunja taratibu.

“Imetosha, mwanangu,” alimwambia. “Sasa staafu.”

Ndugu Thayne alilia, nasi tukalia naye. Asante kwa kila kibao, kaka. Pumzika vyema, na maisha yako ya mbele yawe marefu na yenye heri.