Maman Eulalie M'Bagalwa, Mkono Ulioandika Hukumu (1948–2001)

Wewe unayeshika karatasi hii, ungemkabidhi mtoto wako kwa mtu aliyefungwa kwa kunajisi mtoto? Maman Eulalie aliuliza hivyo miezi sita mfululizo. Wakubwa wakamjibu: vita kwanza.

Alizaliwa Mudaka tarehe 9 Agosti 1948, akasoma kwa masista wa Katana, na mwaka 1969 akaanza kazi ya karani wa mahakama hapa Bukavu. Alifunga ndoa na Papa Polycarpe tarehe 7 Julai 1973. Kwaya ilikwisha kuimba wimbo wa kutoka, yeye bado anasoma rejista ya ndoa mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi.

"Sinya basi, watu wana njaa!" bwana arusi alinong'ona.

"Wangoje. Sisinyi kitu sijasoma."

Mwaka 1994 aliandika kwa mkono wake hukumu ya mwanamume aitwaye Adalbert: miaka kumi na tano, kwa kumnajisi mtoto wa miaka minane. Oktoba 1996 vita vikafungua gereza, Adalbert akatoka. Rejista za mahakama zikaungua, na karatasi za hukumu zilizosalia zikafungiwa karanga sokoni. Septemba 2000 Maman akamkuta Adalbert shuleni kwa wajukuu wake, sasa ni msimamizi wa nidhamu, filimbi shingoni. Cheti chake cha mwenendo mwema kilikuwa safi. Kingekosaje? Rejista iliyoungua haina jina la mtu.

"Maman, cheti iko, cachet iko," mkurugenzi wa shule, Barthélemy, alimwambia, akigusa muhuri kwa kidole. "Wewe uko na nini?"

"Niko na hii mukono. Ndiyo iliandika jugement!"

Aliwaandikia wakubwa barua saba kudai sheria ambayo hata mtoto angeielewa: aliyehukumiwa kwa kosa hilo asifanye kazi shuleni, wala asijitolee kwenye kwaya au katekisimu. Presha ilimwangusha Jumatatu tarehe 12 Machi 2001, akiandika ya nane. Alifariki Jumatano.

Ameacha mume, watoto watatu, Honoré, Carine na Élie aliyeandika haya, na wajukuu sita.

Alhamisi asubuhi, kesho yake ya kifo, Élie aliona kwa macho yake shule ikileta wanafunzi kuimba matangani. Aliyewaongoza, shada la maua mikononi, ni Adalbert! Jirani, Maman Anne-Marie, aliinuka mkekani.

"Watoto, mukuje huku kwa bamama."

Akina mama wakawashika mikono mmoja mmoja, wakawaketisha katikati yao. Maua hakuna aliyeyapokea. Adalbert akabaki peke yake nje ya lango. Anne-Marie akaligeukia jeneza.

"Eulalie, lala sasa. Hawa watoto tuko nao."